Jumla Isiyomsahau Mtu: Kuandika Fomula za Kujumlisha Kwenye Lahajedwali

Maandishi ya mazungumzo kwa waweka hazina, makatibu na wanachama wa vikundi vya Kabiria na mitaa jirani

 

Mada ni ndogo kwa sura: namna ya kuiambia kompyuta au simu ijumlishe safu ya namba. Fomula yenyewe inaenea kwenye mstari mmoja, na kijana akikaa saiba dakika kumi atatoka akiijua. Hata hivyo, ndani ya mstari huo mmoja hupita karo za watoto, pesa za askari wa ploti, michango ya matanga na akiba ya mwaka mzima ya akina mama wanaouza mboga kuanzia Satellite hadi Waithaka. Zamani hesabu hizo zilikaa kwenye daftari la jalada gumu, na mweka hazina alijumlisha kwa kalamu huku wenzake wakimtazama. Siku hizi zimehamia kwenye simu. Simu inajumlisha upesi, na kwa sababu inajumlisha upesi watu huamini kwamba haikosei. Kweli, hesabu ya simu haikosei. Kinachokosea ni maagizo iliyopewa.

Chukueni mfano wa chama kimoja cha akina mama. Ni cha kubuni, ili asiumbuliwe mtu, lakini hesabu zake ni za kila siku hapa mtaani. Chama kilianza Januari kikiwa na wanachama 20. Kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, fedha huwekwa benki, na Desemba hugawanywa ili kila nyumba ipate ya Krismasi na ya kufungulia shule. Mweka hazina ana lahajedwali kwenye simu yake. Safu wima A ina majina. Kuanzia B hadi M ni miezi kumi na miwili, na N ni jumla ya kila mwanachama kwa mwaka. Safu mlalo ya 1 ni vichwa, ya 2 hadi ya 21 ni wanachama, na ya 22 ni jumla ya kila mwezi. Kwenye kisanduku B22 ameandika =SUM(B2:B21), na jibu linatoka 20,000. Hapo hakuna kosa lolote.

Aprili wanajiunga wawili: mmoja anauza githeri kando ya Kabiria Road, mwingine ni fundi cherehani. Mweka hazina anaingiza safu mlalo mbili juu kidogo ya ile ya jumla na kuandika majina yao. Jumla inasukumwa chini hadi safu ya 24. Wale wawili wanalipa kila mwezi bila kukosa, Aprili hadi Desemba, miezi 9, kwa hiyo kila mmoja ametoa 9,000. Lakini fomula ya jumla bado inasoma kutoka safu ya 2 hadi ya 21, kama ilivyoagizwa Januari. Hakuna aliyeiambia kwamba wageni wamekuja na wameketi safu ya 22 na ya 23.

Desemba inafika. Lahajedwali linasema michango ya mwaka ni 240,000. Taarifa ya benki inasema 258,000. (Ada za benki ziwekwe kando, ni mfano tu.) Zimezidi 18,000! Kikao kinashangilia. Mmoja anasema ni riba, mwingine anasema ni baraka, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kufurahia pesa zilizoongezeka. Inakubaliwa kwamba ziada hiyo iwaendee wale 20 walioanzisha chama, kwa kuwa wao ndio waliovumilia tangu mwanzo. Ziada hiyo ikigawanywa kwa 20 ni 900 kila mmoja. Bahasha zinaanza kutolewa kwa kufuata orodha: 12,000 za mchango na 900 za ziada, yaani 12,900. Mara 20, ni 258,000 kamili. Bahasha ya ishirini inapotoka, sanduku limebaki tupu, na wanawake wawili wamesimama mbele ya meza wakiwa na jumbe 9 za M-Pesa kila mmoja kwenye simu zao.

"Mama, zetu ziko wapi?" anauliza muuza githeri.

Hapo ndipo mweka hazina anapoitwa mwizi. Hajagusa hata senti. Ameandika B21 mahali palipostahili B23, na kwa herufi na namba hizo chache anaweza kupoteza jina alilolijenga mtaani kwa miaka mingi. Mfano huu ndio unaostahili muda mrefu kuliko mengine yote, kwa hiyo ni vizuri fomula ichambuliwe kipande kwa kipande.

Alama ya sawasawa, =, inaiambia programu kwamba kinachofuata ni kazi ya kukokotoa. Bila alama hiyo, programu itayaweka maandishi kama yalivyo, na mtu ataona "SUM(B2:B21)" ikimkodolea macho bila jibu. SUM ni neno la Kiingereza la jumla. Iandikwe kwa herufi kubwa au ndogo, ni mamoja. Ndani ya mabano kuna eneo la kujumlisha. B2 ni kisanduku cha kuanzia, B21 cha kuishia, na nukta pacha katikati yake isomwe "hadi". Koma isomwe "na": =SUM(B2:B21,D2:D21) maana yake ni jumla ya Januari na ya Machi, Februari ikiachwa nje. Kwenye kompyuta zilizopangwa kwa mtindo wa nchi kadhaa za Ulaya, nafasi ya koma huchukuliwa na nukta mkato. Mtu aliyeletewa kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo asishangae fomula ikikataa koma.

Basi aliyeandika =SUM(B2:B21) ametoa ahadi kwamba kila kinachostahili kujumlishwa kiko kati ya safu ya 2 na ya 21. Programu haijui majina ya watu wala haijui mwanachama ni nani. Inajua mipaka iliyowekewa. Safu mpya ikiingizwa katikati ya eneo, mathalani kati ya jina la tano na la sita, fomula hujinyoosha yenyewe na kusoma B2:B22. Ikiingizwa chini ya jina la mwisho, nje ya mpaka, programu nyingine hujaribu kubahatisha na kurekebisha, nyingine hazijali. Haifai kutegemea bahati hiyo, hasa faili inapohama kutoka simu moja hadi nyingine.

Tiba ya waweka hazina wazoefu ni safu ya mpaka. Chini ya jina la mwisho huachwa safu mlalo moja tupu, ikapakwa rangi ya kijivu, na fomula ikaifikia hiyo. Kama wanachama wako safu ya 2 hadi ya 23, ya kijivu ni ya 24, na jumla inakaa ya 25: =SUM(B2:B24). Mwanachama mpya akija, safu yake inaingizwa juu ya ile ya kijivu. Kwa kuwa hapo ni ndani ya eneo, fomula inanyooka bila kuguswa. Wengine huamua kupandisha jumla juu ya ukurasa, safu ya 2, na majina yakaanza safu ya 4: =SUM(B4:B500). Hiyo pia ni njia nzuri, na ina faida kwa wenye simu, kwani jumla inaonekana mara tu faili linapofunguliwa. Tahadhari yake ni moja: fomula isiingie ndani ya eneo lake yenyewe. Ikiandikwa kwenye B2 kisha ikaambiwa ijumlishe kuanzia B2, itakuwa inajihesabu, na programu italalamika.

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la vyama vya mtaani. Mwaka 2010 wanauchumi wawili mashuhuri duniani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliunukuu walipokuwa wakitetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, aliyekuwa akijaribu kurudia hesabu hizo kama kazi ya darasani, aliletewa lahajedwali lenyewe na waandishi. Aliona kwamba fomula ya wastani ilisoma safu ya 30 hadi ya 44 badala ya 30 hadi 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Herndon na walimu wake wawili walikuwa na hoja nyingine pia, na mabishano yakaendelea, lakini kuhusu fomula hiyo waandishi walikiri kosa. Safu tano tu za chini ya orodha. Tofauti na wale wanawake wawili wa Kabiria ni kwamba Denmark haikuwepo mezani kuuliza zake ziko wapi.

Kosa la pili ni la namba ambazo si namba. Mweka hazina anaandika "1,000/-" kwa mazoea ya daftari, au "1000 bob", au kwa haraka anagusa herufi O badala ya sifuri. Kwa jicho la mtu, zote ni elfu moja. Kwa programu, hayo ni maneno, na SUM ikikutana na neno ndani ya eneo lake huliruka kimya kimya bila kupiga kelele. Hapa kuna jambo la kufikiriwa. Anayejumlisha kwa alama ya kuongeza, =B2+B3+B4, akikutana na neno hupewa kosa la wazi, #VALUE!, likiwa limejaa kwenye kisanduku. SUM ni pole kupita kiasi. Inameza kosa na kutoa jibu safi lenye upungufu. Kwa sababu hiyo wako wanaodai kuongeza ndiko salama zaidi. Lakini kuandika alama ya kuongeza kwa wanachama 22 ni kujitafutia kosa jingine la kuruka kisanduku, kwa hiyo SUM ibaki, mradi mtu ajue tabia yake.

Dawa iko machoni. Programu ikiachwa ipange yenyewe, namba hulala upande wa kulia wa kisanduku na maneno upande wa kushoto. Elfu moja iliyolala kushoto ichunguzwe. Sarafu isiandikwe ndani ya kisanduku; neno "shilingi" litoshe kwenye kichwa cha safu. Pia kuna fomula ndogo ya kuhesabu, =COUNT(B2:B24), ambayo hutaja idadi ya visanduku vyenye namba halisi. Walipaji wakiwa 22 na COUNT ikasema 21, kuna mtu mmoja ambaye pesa yake imeandikwa na haijahesabiwa. Dalili hii huonekana zaidi pale ambapo namba zimenakiliwa kutoka taarifa ya M-Pesa au ya benki, kwa sababu namba zinazonakiliwa mara nyingi huja na nafasi au alama zisizoonekana.

Kitufe cha kujumlisha chenye alama ya Σ, herufi ya Kigiriki iitwayo sigma, kinapendwa kwa kuwa kinaandika fomula chenyewe. Kinafaa, ila kinabahatisha. Kikipanda juu na kukuta kisanduku kitupu, huenda kikadhani orodha imeishia hapo. Mwanachama ambaye hajalipa asiachiwe pengo, aandikiwe 0. Na kabla ya kubonyeza kukubali, eneo lililozungushiwa mstari litazamwe kwa sekunde mbili.

Kwa wanaotaka kujaribu mkono leo, kuna hesabu ya kweli inayowahusu wakazi wote wa kaunti. Sensa ya mwaka 2019, iliyoendeshwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, iligawa Nairobi katika kaunti ndogo 11. Andika majina kwenye safu wima A na idadi ya watu kwenye B, kuanzia safu mlalo ya 2. Dagoretti, ambamo Kabiria imo, 434,208. Embakasi 988,808. Kamukunji 268,276. Kasarani 780,656. Kibra 185,777. Lang'ata 197,489. Makadara 189,536. Mathare 206,564. Njiru 626,482. Starehe 210,423. Westlands 308,854. Safu ya 13 iachwe tupu, ipakwe kijivu, na kwenye B14 iandikwe =SUM(B2:B13).

Jibu linapaswa kuwa 4,397,073, ambayo ndiyo idadi ya watu wa Nairobi iliyotangazwa katika sensa hiyo. Atakayepata 4,088,219 ameikata Westlands, ya mwisho kwenye orodha. Atakayepata upungufu wa zaidi ya laki nne na thelathini huenda ameianza fomula B3 badala ya B2, akawafuta watu wote wa Dagoretti, yeye mwenyewe akiwemo. Na atakayeandika nukta mahali pa koma, 434.208, ameifanya kaunti ndogo nzima kuwa watu mia nne thelathini na wanne na kipande.

Sensa hiyo hiyo ina safu fupi zaidi, na labda ndiyo yenye fundisho kubwa. Nairobi ilihesabiwa kuwa na wanaume 2,192,452 na wanawake 2,204,376. Ukijumlisha hizo mbili unapata 4,396,828, ambayo si idadi ya Nairobi. Zimepungua 245. Hao ni watu wenye jinsia mbili, ambao mwaka 2019 walihesabiwa katika sensa ya Kenya kwa mara ya kwanza. Aliyezoea majedwali ya zamani yenye safu mbili, akaandika =SUM(B2:B3) kwa mazoea, anawaacha nje watu 245 bila hata kujua kwamba wapo.

Turufu kubwa ya mweka hazina, hata hivyo, ni kujumlisha mara mbili kwa njia mbili tofauti. Hii ni mbinu ya makarani wa tangu enzi ya wino na karatasi: kwenda chini, kisha kwenda pembeni, na majibu mawili yakutane kwenye kona. Kwenye kile chama cha mfano, jumla za miezi ziko safu ya 24, kuanzia B24 hadi M24. Jumla za wanachama ziko safu wima N, kutoka N2 hadi N23. Angejumlisha miezi, =SUM(B24:M24), angepata 240,000. Angejumlisha wanachama, =SUM(N2:N23), angepata 258,000, sawa na benki. Tofauti ya 18,000 ingejitokeza mwezi wa Desemba kabla ya bahasha ya kwanza. Kwa kweli ingejitokeza Aprili, ikiwa 2,000 tu. Kisanduku kimoja cha ukaguzi kinatosha, kiandikwe hivi:

=IF(SUM(N2:N23)=SUM(B24:M24),"Sawa","Kagua")

Maana yake: jumla ya wanachama ikilingana na jumla ya miezi, andika Sawa; zisipolingana, andika Kagua. Kisanduku hicho kipakwe rangi ya kuvutia macho na kiwekwe juu ya ukurasa, ambapo hata mwanachama asiyejua kompyuta anaweza kukisoma. Kando yake kuwe na idadi ya wanachama, =COUNTA(A2:A23), inayohesabu majina. Ikisema 22 na watu 22 wamo kikaoni, hatua moja imekwisha.

Mengine yapitiwe kwa ufupi. Ploti yenye nyumba 12 inayochanga 1,000 kila nyumba kwa mwezi kulipa askari hukusanya 36,000 kila robo mwaka. Karani akiweka jumla ndogo kila baada ya miezi mitatu kwenye safu ile ile, kisha akaijumlisha safu nzima, atapata 288,000 badala ya 144,000, kwa kuwa kila shilingi imehesabiwa mara mbili. Badala ya SUM, jumla zote kwenye safu hiyo, ndogo na kubwa, ziandikwe kwa =SUBTOTAL(9, kisha eneo lake. Namba 9 inaagiza kujumlisha, na fomula hiyo ina akili ya kuziruka jumla nyingine za aina yake. Hiyo hiyo huruka safu zilizofichwa na kichujio, ilhali SUM huzihesabu zote, zilizoonekana na zilizofichwa. Wengi hubishana kikaoni kwa sababu ya hilo: mmoja anajumlisha kwa macho anayoyaona, programu inajumlisha na yasiyoonekana.

Kikundi kinachochanganya michango, faini na marejesho ya mikopo kwenye orodha moja kinahitaji kujumlisha kwa sharti. Aina iandikwe safu wima C na kiasi safu wima D, kisha =SUMIF(C2:C400,"Faini",D2:D400). Inasomwa hivi: tafuta neno Faini kwenye C, na kila unapolikuta, jumlisha kilicho kando yake kwenye D. Herufi kubwa au ndogo si hoja. Nafasi iliyobaki baada ya neno ni hoja, kwani "Faini" yenye nafasi mwishoni ni neno jingine machoni pa programu. Maeneo mawili nayo yawe na urefu mmoja. C2:C400 isioanishwe na D2:D300.

Programu za kufanyia kazi hii si za kununua kwa lazima. Google Sheets hutumika bila malipo kwenye simu, LibreOffice Calc bila malipo kwenye kompyuta, na Excel ndiyo iliyoenea maofisini. Fomula zilizotajwa hapa hufanya kazi kwenye zote tatu. Babu yao wote ni VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Dan Bricklin, mmoja wa waundaji wake pamoja na Bob Frankston, alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard. Mwalimu akichora jedwali ubaoni, alipobadilisha namba moja ilimbidi afute na kuandika upya nyingine zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza ubao ambao ukibadilisha namba moja, nyingine zinajibadilisha zenyewe. Yeyote aliyewahi kufuta ukurasa mzima wa daftari la chama kwa sababu ya mwanachama mmoja aliyelipa akiwa amechelewa anamwelewa vizuri.

Ujuzi huu una matumizi nje ya chama. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike katika Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wakazi hualikwa kutoa maoni. Mkazi anayekwenda kwenye kikao cha bajeti akiwa amechapa jedwali la miradi ya wadi yake na kulijumlisha mwenyewe huuliza swali la aina tofauti. Hasemi tu kwamba pesa ni kidogo. Anauliza kwa nini miradi iliyoorodheshwa haifikii jumla iliyoandikwa chini yake, au kwa nini barabara fulani iko kwenye orodha ya wadi na haimo kwenye orodha ya idara. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa namba.

Ushauri wa mwisho ni wa usalama wa faili. Nakala ya kila mwezi iwafikie wanachama wote kwenye kundi la WhatsApp, ikiwa ya kusoma tu, na mwenye ruhusa ya kuandika awe mmoja, au wawili wakiaminiana. Kikao kinapoanza, mtu mwingine asiye mweka hazina aguse kisanduku cha jumla na asome kwa sauti eneo lililoandikwa: "B2 hadi B24." Kisha mwingine ahesabu majina. Kazi hiyo haichukui dakika mbili, na huondoa minong'ono ya njiani watu wakirudi nyumbani.

Kuhusu chama cha mfano, hesabu yake inarekebishika. Wale 20 wakirudisha 900 kila mmoja, zinapatikana 18,000, na muuza githeri na fundi wanapata 9,000 zao kila mmoja bila kupungua senti. Shida ni kwamba ni Desemba, na baadhi ya bahasha zimeshafunguliwa kwa muuza nyama. Kwa hiyo mweka hazina anaandika orodha ya wadeni 20 kwenye ukurasa mpya, 900 kando ya kila jina, anaacha safu moja ya kijivu chini ya jina la mwisho, na kwenye B23 anaandika =SUM(B2:B22).